Njia nne za mkataba katika utafiti wa vita vya kielektroniki na maikrowevu za nguvu kubwa: ipi inakufaa?

Watu wa aina tatu huniletea rasimu za mikataba ya fani hii. Wa kwanza ni mhadhiri wa uhandisi wa mawasiliano pale Kijitonyama, ambaye amealikwa kushirikiana na maabara ya ng'ambo. Wa pili ni kijana mwenye karakana ya vifaa vya redio, ambaye kampuni ya nje inamtaka awe mkandarasi wake msaidizi. Wa tatu ni ofisa ununuzi aliyeagizwa kuandaa mkataba wa utafiti, naye hajui aanzie wapi, kwa kuwa mifano yote aliyonayo ofisini inahusu barabara, samani na dawa. Wote huuliza swali moja: kati ya aina za mikataba zinazotumika katika utafiti huu, nichague ipi? Nimejibu mara nyingi kwa mdomo, na sasa naona ni haki kuliandika jibu lote mahali pamoja.

Vita vya kielektroniki ni kushindania mawimbi: kuyasikiliza ya adui, kuyakwamisha, au kuidanganya rada yake ione kisichokuwapo. Maikrowevu za nguvu kubwa ni hatua ya mbele ya hapo, kwa sababu mawimbi yenyewe hugeuka kuwa pigo linaloduwaza au kuunguza saketi. Maikrowevu ya jikoni hufanya kazi kwa wati zisizozidi sana 1,000, kwa masafa ya gigahezi 2.45. Vitabu vya fani huanza kuita nguvu kubwa pale kilele cha mpigo kinapozidi megawati 100, yaani mara laki moja ya ile ya jikoni, japo mpigo huo huisha kabla jicho halijapepesa. Mahitaji yameongezeka kwa sababu ya makundi ya droni za bei rahisi, ambazo kuziangusha kwa makombora ni sawa na kumfukuza nzi kwa rungu la dhahabu. Mwezi Aprili 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mtambo wake wa aina hii, uliojengwa na kundi linaloongozwa na kampuni ya Thales, umeshinda zaidi ya droni 100 katika majaribio, na kwamba kila pigo linagharimu kama peni 10.

Mifano yangu mingi ni ya Marekani, kwa sababu huko tuzo za mikataba hutangazwa hadharani pamoja na kiasi na tarehe, na msomaji anaweza kuona mwisho wake ulikuwaje.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni nani anayebeba hasara ya jambo ambalo hakuna aliyelijua siku ya kusaini. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuchimba kisima analijua hili bila kufundishwa. Mchimbaji hukutoza kwa mita, kwa kuwa hajui maji yako mita 40 au 90 chini, na kule Kigamboni au Mbezi Beach anaweza kuyafikia akakuta ni ya chumvi. Fundi wa geti hupima nafasi kwa futikamba, akapiga hesabu ya vyuma, rangi na bawaba, kisha akataja bei moja ya kazi nzima. Wote wawili wanaweza kuwa waaminifu kabisa, ila mmoja anafanya kazi gizani na mwingine mchana kweupe, na kila mmoja anastahili mkataba unaolingana na mwanga alionao.

Kigezo cha pili ni namna fedha zinavyoingia, kwa maana karakana ndogo inaweza kufa ikisubiri malipo huku ina kazi tele. Cha tatu ni nani atakayemiliki matokeo: hataza, michoro, programu na data za majaribio. Cha nne ni uhuru wa kusema, yaani kama utaruhusiwa kuchapisha, kufundisha na kumwajiri raia wa nchi yoyote. Cha tano ni mzigo wa hesabu na muda unaopotea kabla ya kazi kuanza. Kila njia nitaipitisha katika vigezo hivi vitano, ingawa sitakaa muda sawa kwa kila kimoja.

Njia ya kwanza: ruzuku ya utafiti wa msingi

Hii hutolewa na taasisi kama Ofisi ya Utafiti wa Kisayansi ya Jeshi la Anga la Marekani na Ofisi ya Utafiti ya Jeshi la Majini, ambayo imekuwapo tangu 1946. Kinacholipiwa ni kuelewa: mwale wa elektroni unazalishaje mawimbi, au mpigo unapenyaje ndani ya kasha la kompyuta kupitia waya na matundu ya feni. University of New Mexico na Texas Tech University ni miongoni mwa vyuo vilivyojijengea jina katika maeneo haya. Ofisi hiyo ya Jeshi la Anga ina tawi London linaloshughulika na wanasayansi wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, kwa hiyo mtafiti wa kwetu akilifuatilia wazo hili asidhani anaota.

Hasara ya yasiyojulikana hubebwa na mfadhili. Ukifanya kazi kwa uaminifu ukagundua kwamba njia uliyoifuata haifiki popote, unaandika ripoti na hudaiwi kitu. Fedha hupitia chuoni, nacho hukata sehemu yake ya gharama za uendeshaji, na hapo ndipo wahadhiri wengi hushtuka wanapoona kilichobaki. Kuhusu matokeo, sheria ya Marekani ya 1980 iitwayo Bayh-Dole huruhusu chuo kubaki na hataza ya uvumbuzi wake, huku serikali ikipata leseni ya kuutumia bila kulipa.

Nguvu ya ruzuku iko katika kigezo cha nne. Agizo namba 189 la mwaka 1985, lililotolewa wakati wa Rais Reagan, linasema matokeo ya utafiti wa msingi yabaki huru kadiri inavyowezekana, na kwamba pale usiri unapohitajika kweli, serikali itamke rasmi kwamba kazi hiyo ni ya siri. Kwa mwanafunzi wa uzamivu huu ni uhai wenyewe, kwani tasnifu isiyoweza kusomwa na watahini haina thamani kwake.

Udhaifu wake ni kwamba kiasi ni kidogo, kifaa cha kuuza hakipatikani mwishoni, na hakuna ahadi ya awamu nyingine. Wako pia wasomi wanaokataa fedha za jeshi kwa dhamiri, hata kwa utafiti ulio wazi kabisa. Nawaheshimu, na naona swali hilo lijibiwe kabla ya mengine yote, kwa sababu likijitokeza katikati ya mradi huvunja timu.

Njia ya pili: mkataba wa kurejesha gharama

Hiki ndicho kisima cha kulipia kwa mita. Mkandarasi hurejeshewa gharama halali alizotumia, kisha hupewa ada juu yake. Ada hiyo inaweza kuwa kiasi maalumu au ikapanda na kushuka kulingana na anavyodhibiti gharama na muda. Katika ununuzi wa serikali ya Marekani, ada maalumu kwa kazi ya utafiti na maendeleo haiwezi kuzidi asilimia 15 ya gharama iliyokadiriwa.

Mfano wake mkubwa katika vita vya kielektroniki ni mtambo mpya wa kukwamisha mawimbi unaofungwa chini ya mabawa ya ndege za EA-18G Growler. Julai 2013 Jeshi la Majini liliipa kampuni ya Raytheon mkataba wa awali wa takribani dola milioni 279. Kampuni shindani, BAE Systems, ilipinga, na ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikakubali pingamizi hilo. Tathmini ilirudiwa, na Januari 2014 tuzo ikabaki kwa Raytheon. Aprili 2016 ukaja mkataba wa maendeleo wa kama dola bilioni 1, wa kurejesha gharama na wenye ada ya motisha, na mtambo ulipelekwa kazini baharini kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Miaka kumi na moja tangu tuzo ya kwanza ni mingi, lakini mkandarasi hakufilisika njiani, na kazi ngumu ya kutoa nguvu nyingi kutoka kwenye antena zilizobanana ndani ya kasha jembamba ilipata muda iliouhitaji.

Hasara, kwa hiyo, hubebwa kwa sehemu kubwa na serikali. Fedha huingia kila mara mkandarasi anapowasilisha hati za gharama. Serikali hupata haki pana za data zilizolipiwa na fedha zake, wakati yale uliyoyavumbua kwa fedha yako binafsi hubaki yako ikiwa tu uliyaweka alama na kuyatunzia kumbukumbu tangu mwanzo. Kuhusu uhuru wa kusema, tarajia kifungu kinachokutaka uombe kibali kabla ya kuchapisha chochote.

Mzigo wa hesabu ndio unaowashinda wadogo. Kila mfanyakazi, kuanzia mhandisi mkuu hadi anayefunga skrubu, anajaza karatasi ya saa kila siku: saa 3 mradi huu, saa 2 mradi ule, saa 1 mkutano. Akikosea hafuti kwa wino mweupe; anakata mstari mmoja, anaandika idadi iliyo sahihi juu yake na kutia saini. Nimemwona kijana mwenye kipaji cha kutengeneza vikuza mawimbi akishindwa kazi kwa sababu alikuwa akijaza karatasi za wiki nzima Ijumaa jioni, kwa kukumbuka tu. Mkaguzi haangalii kipaji. Kama wewe ni mkandarasi msaidizi, ujue kwamba masharti ya mkataba mkuu hushuka hadi kwako, hata usipoyasoma.

Njia ya tatu: mkataba wa bei isiyobadilika

Hili ni geti. Unaahidi kitu kinachojulikana, kwa bei moja, kwa tarehe moja. Ukimaliza kwa gharama ndogo, kilichobaki ni chako. Ukizidisha, unameza mwenyewe. Malipo huja kwa hatua zilizoandikwa, na mara nyingi hatua ya kwanza haitoshi kununua vifaa. Karatasi ni chache, kwa sababu mnunuzi hana haja ya kujua umetumia saa ngapi.

Nitasema yaliyonipata mwenyewe. Miaka ya nyuma nilisaini na mteja mmoja kutengeneza kikuza mawimbi cha mtambo wa redio kwa bei moja. Mezani kilifanya kazi vizuri. Tulipokipandisha kwenye mnara wake, transista ya mwisho iliungua ndani ya dakika chache. Tukaibadilisha, ikaungua tena, na ya tatu nayo hivyo hivyo. Nilipoivuta ile ya tatu ilikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya ulezi, na harufu yake ilibaki vidoleni. Tatizo halikuwa letu: antena ya mteja ilikuwa hailingani na waya wake, na nguvu tuliyoituma juu ilikuwa ikirudi na kutupiga wenyewe. Lakini mkataba haukutaja hali ya antena popote, na transista zote tatu zilitoka mfukoni mwangu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba ningeweza kuandika sentensi moja tu siku ya kwanza, nikasalimika.

Historia ya kijeshi ina mfano mkubwa zaidi wa maumivu haya. Ndege ya A-12 ya Jeshi la Majini la Marekani ilipewa kandarasi ya maendeleo ya bei isiyobadilika mwaka 1988, huku teknolojia yake ikiwa bado haijakomaa. Ilifutwa Januari 1991, na kesi kati ya serikali na wakandarasi iliisha mwaka 2014.

Hata hivyo ni kosa kuidharau njia hii. Mtambo wa maikrowevu una sehemu nyingi ambazo zimeshaeleweka: vyanzo vya umeme, vipozaji, makasha, nyaya, antena za umbo linalojulikana. Kwa hizo bei moja humlinda mnunuzi dhidi ya uzembe na humpa mtengenezaji hodari faida halali. Inafaa pia kwa utafiti mfupi ambao kinachoahidiwa ni ripoti, na ndiyo maana awamu ya kwanza ya mpango wa Marekani wa kusaidia ubunifu wa kampuni ndogo, ulioanzishwa kwa sheria ya 1982, kwa kawaida hutumia bei isiyobadilika katika Wizara ya Ulinzi. Ripoti haiungui mnarani.

Njia ya nne: makubaliano ya mfano wa kwanza

Njia hii, ya kutengeneza kifaa cha kwanza cha majaribio, iko nje ya kanuni za kawaida za ununuzi wa serikali ya Marekani. Mamlaka yake ya asili walipewa NASA mwaka 1958, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi, DARPA, ukayapata mwaka 1989, na mwaka 1993 yakapanuliwa hadi kwenye mifano ya kwanza ya silaha. Lengo ni kuwavuta watu ambao hawajawahi kufanya kazi na jeshi na hawana jeshi la wahasibu. Kwa sababu hiyo sheria hutaka mshirika wa namna hiyo, au kampuni ndogo, ashiriki kwa kiasi cha maana. Wasipokuwapo, upande usio wa serikali kwa kawaida hutakiwa kuchangia walau theluthi moja ya gharama.

Katika maikrowevu mfano unaofaa ni Epirus ya California, iliyoanzishwa mwaka 2018. Januari 2023 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliipa makubaliano ya dola milioni 66.1 ili itoe mitambo minne ya kuangusha droni. Badala ya mirija mikubwa ya ombwe, mtambo huo hutumia vipande vingi vya nusu-kipitishi cha galiamu nitridi vinavyofanya kazi kwa pamoja. Mitambo yote minne ilikabidhiwa kufikia 2024, na Julai 2025 ikafuata tuzo ya dola milioni 43.5 kwa mitambo miwili ya kizazi cha pili. Ukilinganisha na ile miaka kumi na moja utaona kwa nini vijana wengi huipenda, ingawa ulinganisho huo una kasoro: mtambo wa kubebwa kwenye trela hauhitaji kuthibitishwa kwa usalama wa rubani.

Hasara hugawanywa kwa maelewano, malipo huja kwa hatua za kiufundi, na haki za data hujadiliwa mezani. Kwa mwenye mwanasheria mzuri huo ni uhuru, na kwa asiye naye ni hatari, kwa maana vifungu vya kawaida vinavyomlinda mnyonge navyo havimo isipokuwa uviombe. Nafasi ya kukata rufaa ukikosa tuzo ni finyu. Kizuri ni kwamba kama mashindano ya mwanzo yalikuwa ya wazi na mfano ukafaulu, uzalishaji unaweza kufuata bila zabuni mpya.

Kufaulu kwa mfano, hata hivyo, hakuleti oda peke yake. Oktoba 2012 kombora la majaribio la Boeing na Jeshi la Anga, liitwalo CHAMP, lilipita juu ya jangwa la Utah na kuzima vifaa vya kielektroniki katika shabaha saba kwa safari moja. Lilifanya lililotakiwa, na bado uzalishaji mkubwa haukufuata. Mwenye karakana asikope benki kwa kutegemea awamu ambayo haijasainiwa.

Jambo linalopita juu ya njia zote nne

Katika sheria za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa zana za kijeshi, vifaa vya vita vya kielektroniki viko kundi la 11 na silaha za nishati elekezi, zikiwamo za maikrowevu, ziko kundi la 18. Kumwonyesha mchoro unaodhibitiwa mtu ambaye si raia wala mkazi wa kudumu wa Marekani huhesabiwa kuwa ni usafirishaji, hata kama wote wawili wameketi meza moja mjini Albuquerque, huko huko Marekani. Mtanzania anaweza kuajiriwa kwa nia njema katika mradi wa njia ya pili au ya nne, kisha akajikuta nje ya mlango wa maabara yake mwenyewe. Utafiti wa msingi ulio wazi hauguswi na kizuizi hiki, na huo ndio uzito wa njia ya kwanza kwa watu wa kwetu.

Na hapa nyumbani, mtambo wowote unaorusha mawimbi unahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mtafiti wa nje anayekuja kushirikiana nawe anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Hakuna mkataba wa kigeni unaofuta masharti hayo.

Kwa hali yako

Kama wewe ni mhadhiri au mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, anza na ruzuku, na kabla ya kusaini omba iandikwe kwamba kazi yako ni utafiti wa msingi na kwamba hakuna anayehitaji kuidhinisha makala zako. Kama chuo kimeanza kuzungumzia orodha ya uraia wa washiriki, elewa kwamba umeshatoka kwenye njia hiyo, hata kama barua inaendelea kusema ruzuku.

Kama una karakana na unaombwa kutengeneza sehemu ambayo umeshaitengeneza mara kadhaa, bei isiyobadilika inakufaa, mradi uandike hali ya kifaa ambacho sehemu yako itaunganishwa nacho, nani atakipima, na nani atalipa kikiiunguza kazi yako. Kama sehemu hiyo hujawahi kuitengeneza, omba mkataba ugawanywe: utafiti mfupi kwanza kwa bei moja, halafu utengenezaji kwa bei itakayotokana na kilichogunduliwa. Mnunuzi mwenye busara hukubali, kwa sababu naye hataki kesi.

Kama una wahasibu waliozoea ukaguzi na kazi ni ndefu, ngumu na ya miaka mingi, kurejesha gharama ndiko kutakakokuweka hai. Kama una wazo jipya, timu ndogo na mtaji wa kuvuka miezi ya kusubiri, makubaliano ya mfano wa kwanza yanaweza kukufaa zaidi, lakini lipa mwanasheria kabla ya kulipa fundi.

Na kwa ofisa ununuzi aliyeketi na rasimu tupu: waite wahandisi wako, waulize wakutajie kwa maandishi mambo wasiyoyajua kuhusu kazi hiyo. Orodha ikiwa na mistari miwili, tangaza kwa bei moja. Ikijaza ukurasa, usimtake mkandarasi akupe bei ya geti kwa kazi ya kisima.